Dirisha la Chumba cha Kushonea

Kila asubuhi Dada alivaa viatu barazani huku akisikia cherehani ya wifi yake. Cherehani ililia katika chumba cha mbele. Wifi huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ameshaanza kazi, tena miguu mitupu.

"Wenzetu wana bahati," Dada alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika. "Ukitoka kitandani umefika kazini."

"Nenda salama, wifi," Fundi alijibu kutoka ndani. "Utachelewa, halafu useme nimekuchelewesha mimi."

Kaka yake Dada, mume wa Fundi, alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Wanawake hao wawili walibaki na Mama, mzazi wa Dada. Mama alikuwa na kifua kibovu tangu zamani, akipanda ngazi mbili tatu anahema.

Dada alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Alisimama kutwa akipanga sabuni kwenye maboksi. Jioni miguu ilimuuma, lakini roho ilimuuma zaidi. Zamani Mama alimsubiri barazani. Siku hizi alimkuta chumba cha kushonea, anashona vifungo na kucheka na mkwe wake. Hata geti likilia hageuki.

Basi Dada akawa na tabia moja. Kila jioni, kabla ya kuingia ndani, alisimama kwenye dirisha la chumba kile na kuchungulia.

"Hilo gauni la nani? Eh, wateja wote hao ni wa leo? Haya, tajirikeni. Sisi wengine tutaendelea kunuka sabuni."

Fundi alicheka kidogo, akainamisha uso.

Jioni moja Dada alikuta dirisha limefungwa. Kwa ndani lilikuwa na pazia zito la bluu. Alisikia vicheko, ila hakuona mtu. Siku hiyo alikula peke yake jikoni, amesimama.

Haukupita muda, homa ya mafua ikaingia mjini. Kiwandani msimamizi aliamuru milango mikubwa iachwe wazi. Wafanyakazi walisimama mbali mbali, na aliyekohoa alirudishwa nyumbani apumzike.

"Wewe umejifungia zako ndani," Dada alimwambia wifi yake. "Mafua yatakukuta wapi?"

"Ndiyo raha ya kazi ya nyumbani," Fundi alisema. "Sipandi basi, sibanani na mtu."

Na kweli aliamini hivyo. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wazazi walileta watoto wapimwe sare. Walijaa kwenye benchi ndani ya chumba kile kidogo, wengine wakikohoa. Fundi aliwapima shingo na mabega, uso kwa uso. Pini alizibana midomoni, kama mafundi wengi wanavyofanya. Akimaliza alimpa Mama, naye Mama akazibana midomoni mwake huku akishika pindo.

Fundi alianza kupiga chafya. "Vumbi la vitambaa tu," alisema.

Siku chache baadaye Mama alishindwa kuamka. Mwili ulichemka, na alihema haraka kama mtu aliyekimbia.

Fundi alisimama mlangoni, pua nyekundu. "Umetuletea wewe, wifi. Wewe ndiye unayetoka."

"Mimi? Umenisikia nikikohoa hata mara moja? Unapiga chafya juma zima, halafu unanisingizia mimi?"

"Kiwandani mko wengi."

"Na humo ndani kwenu je? Au ndiyo maana mmeweka pazia?"

Mama aliinua mkono kitandani. "Mkimaliza," alisema, akavuta pumzi, "kugombana... mnipeleke."

Wakamshika huku na huku, wakampeleka kituo cha afya. Alilazwa, akawekewa hewa ya kumsaidia kupumua. Dada alikaa upande mmoja wa kitanda, Fundi upande wa pili. Hawakuangaliana. Lakini kila Mama alipovuta pumzi kwa shida, wote wawili waliinuka.

Kesho yake Nesi, jirani yao aliyefanya kazi kituoni hapo, alipita nyumbani kuwaona.

"Mmemleta kwa wakati," alisema. "Mtu mwenye kifua kama chake akianza kuhema hivyo, hangojwi hata kidogo. Anaendelea vizuri. Sasa nionyesheni anaposhinda."

Dada alitangulia haraka kumwonyesha chumba cha kushonea. Alitaka kusikia Fundi akisemwa. Alitamani sana.

Nesi alisimama katikati ya chumba. "Joto. Wateja wanakaa hapa?"

"Wanakaa hapo kwenye benchi," Fundi alisema. "Lakini Nesi, mimi nafanya kazi nyumbani. Sitoki."

"Hutoki, lakini watu wanaingia. Mtu mwenye mafua akikohoa, akiongea, hata akicheka, hutoa vimatone vidogo sana mdomoni na puani. Chumba kikifungwa, vinabaki kwenye hewa, na wengine wanavivuta. Na zile pini alizonisimulia Mama, kutoka mdomo wako kwenda mdomo wake, hapana kabisa."

"Kwa hiyo ni yeye aliyeleta," Dada alisema.

"Aliyeleta hatutamjua, wala simtafuti. Hata wewe ungeweza kuyaleta. Ninachouliza ni kimoja. Dirisha zuri kama hili, mbona limefungwa?"

Fundi alishika ncha ya pazia, akaikunja, akaikunjua.

"Kwa sababu ya macho," alisema polepole.

"Macho gani?"

Dada alijibu. "Yangu."

Dada alikaa kwenye benchi la wateja.

"Nilikuwa napita hapo kila jioni kumhesabia wateja," alisema. "Nilimwonea wivu. Anakaa, mimi nasimama. Halafu akamchukua na Mama."

"Mimi nimchukue Mama?" Fundi aliuliza. "Wifi, kutwa tunakuzungumzia wewe. Nakuona asubuhi unatoka na wenzako mnacheka, mimi nabaki na nguo zisizoongea. Ningekuwa simuombi Mama akae nami, ningepata wazimu."

"Kumbe na wewe."

"Na mimi."

Nesi alijikohoza. "Basi wivu gawaneni nusu kwa nusu. Lakini dirisha lifunguliwe."

Walilifungua pamoja, maana kitasa kilikuwa kimekaza. Benchi wakalihamishia barazani, wateja wangoje kwenye hewa. Mlangoni wakaweka ndoo yenye bomba na sabuni. Anayekohoa hakupimwa tena, alituma nguo inayomtosha ipimwe hiyo. Fundi alishonea pini zake kijimto cha kuvaa mkononi. Na kila alipougua alipumzika, hakumkaribia Mama bila barakoa.

Mama alirudi amekonda, lakini anapumua vizuri. Alichagua kiti cha barazani na kopo lake la vifungo. Hapo alisikia cherehani kwa sikio moja na geti kwa sikio la pili.

Jioni moja Dada alirudi na kusimama dirishani, kama zamani. Fundi alikuwa amekunjua kitambaa cha bluu mezani.

"Hilo la nani?" Dada aliuliza, na ile sauti yake ya zamani ikamtoka kidogo.

"Aproni yako ya kiwandani. Simama hapo hapo nikupime mabega."

"Kitambaa nimekiona mahali."

"Ni lile pazia," Mama alisema kutoka barazani. "Geuka upimwe, mwanangu, chakula kinapoa."