Fyuzi Iliyonyamazishwa

Kila Jumamosi Nzilani alifagia gereji ya mama yake mjini Machakos, akapanga spana, kisha akakaa kusikiliza umbea. Loise, mama yake, alikuwa fundi wa umeme wa magari, na pale kwake watu hawakukosekana. Lakini Jumamosi hiyo hakuna aliyecheka. Alfajiri ya Alhamisi, katika ukungu wa vilima vya Mua, gari la Bwana Mutunga lilimgonga Kaluki, mwuza maziwa. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

"Jumatano mlinirudishia gari mkasema limepona!" Mutunga alifoka. "Taa za ukungu zikazimika nikiwa katikati ya mteremko. Nani alizishika?"

Macho yakamwendea Ngui, fundi aliyeajiriwa mwezi uliopita.

"Mimi nilitengeneza breki tu, Mama Nzilani."

"Ngoja nipime kwanza," Loise alisema.

Betri ilikuwa nzima, balbu nzima. Taa ya kupimia iliwaka kwenye fyuzi, lakini kwenye plagi ya taa za ukungu ikakataa. Loise akaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya bampa. Ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi ukachubuka, kisha ukayeyuka na kukatika.

"Waya ukigusa chuma, fyuzi inafaa iungue, umeme ukatike. Mbona hii haikuungua?"

Akaichomoa. Ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ili umeme uendelee kupita hata fyuzi ikiwa imeungua.

"Ngui! Ujanja wa barabarani umeuleta kwangu? Kusanya vitu vyako!"

Ngui akaanza kufungua vifungo vya ovaroli.

Nzilani aliitambua ile karatasi. Jumatano mama alipotoka kidogo, yeye ndiye aliyeona fyuzi imeungua. Fyuzi nyingine haikuwepo, na mteja alikuwa na haraka. Akaizungushia karatasi hiyo, kama alivyoona mafundi wa jirani wakifanya. Taa ziliwaka, Mutunga akamsifu.

"Ni mimi, Mama," alisema, machozi yakimtoka. "Ngui hajui lolote."

Loise akakaa juu ya tairi. Kisha akamwomba Ngui msamaha mbele ya watu wote. Akaweka waya mpya, akaufunga mbali na chuma, akatia fyuzi inayofaa. Taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi.

Jioni walikwenda hospitalini. Nzilani alisimama kando ya kitanda akasema yote. Kaluki alimtazama.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini mguu huu hausikii pole."

Nje, Loise alimshika binti yake bega.

"Fyuzi ikiungua, inakuambia kuna hatari mahali. Wewe uliinyamazisha, na hukuniambia. Jumatano usiku ungesema, ningemzuia Mutunga kusafiri. Leo umesema ukweli, na Ngui amebaki na kazi. Kwa Kaluki umechelewa. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaumia."