Pembe ya Kumi na Mbili

Jioni ile ya mwaka 1971, jua likizama, Bruda Kornelio alinituma kufukua pembe.

Misheni yetu ilikuwa nje kidogo ya Tinde. Bruda alikuwa na shamba la mizabibu, na alitengeneza divai nyeupe, tamu kama asali, kwa namna aliyorithi kwa babu zake Ulaya. Mbolea ya dukani hakuitaka. Alijaza mavi ya ng'ombe kwenye pembe kumi na mbili za ng'ombe waliokwisha kuzaa, akazizika miezi sita, kisha akakoroga kilichomo kwenye maji na kuinyunyizia mizabibu kwa kufuata mwezi. Mzungu mzima, na vyuo vyake vyote! Wanakijiji nao walisema ni uchawi, wakawa wanapita mbali na uzio. Niliwadharau wote, yeye na wao.

Mwaka huo zilipatikana pembe kumi na moja tu. Ya kumi na mbili niliichomoa kwenye kijumba cha mizimu cha jirani yangu, mzee Bujiku. Ilikuwa ya ng'ombe aliyetengwa kwa heshima ya marehemu mama yake. Pembe ni pembe, nilijiambia.

Nikafukua ya kwanza. Mavi yalikuwa yamegeuka udongo mweusi, wenye harufu ya mvua. Ya pili hivyo hivyo... mpaka ya kumi na moja.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya moto.

Mavi yake yalikuwa mabichi, yanafuka mvuke. Nikasikia pumzi nyuma yangu. Harufu ya maziwa... Niligeuka. Ni Bujiku, kashika waya wa uzio.

"Mihayo," alinong'ona, "nirudishie. Mayu analala humo."

"Mama yako amekufa, mzee."

"Ndiyo. Ukimmwaga atatafuta pa kulala."

Nilicheka. Nikaimimina ile pembe kwenye ndoo mbele ya macho yake, nikakoroga, nikanyunyiza shamba zima. Mzee alilia pale pale kwenye waya, bila sauti.

Divai iliyofuata ilisifiwa na kila padri. Niliiba chupa moja kwa ajili ya mke wangu, Bernadina. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka, na alikuwa hacheki tena. Nilitaka acheke, basi.

"Ina ladha ya maziwa," alisema, akaimaliza.

Mwezi ule ule alishika mimba. Hii haikutoka. Tukapata binti, nami nikaringia kijiji kizima.

Mtoto alipoanza kusema, Bujiku alipita mbele ya nyumba yetu. Akavua kofia. Akapiga goti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba," mtoto akaitika. "Umekonda, Bujiku."

Nyumbani kwetu tulimwita mzee tu. Jina lile hatukuwahi kulitaja.

Bernadina alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Mrudishie pembe yake," alininong'oneza. "Mihayo, nataka mwanangu."

Niliitafuta ghalani, nikampelekea Bujiku ikiwa tupu. Aliipima uzito mkononi, akanirudishia.

"Hili ganda tu," alisema. "Amekwisha kupata pa kulala."

Mimi nasema ni upuuzi. Yule mzee alimfundisha mtoto kwa siri ili kunikomoa, hakuna zaidi. Ndivyo ninavyomwambia Bernadina, ambaye siku hizi hambebi mtoto wala hamwiti kwa jina.

Lakini jana jioni nilirudi kutoka shambani nikamkuta binti yangu ameketi kwenye kiti changu. Harufu ya maziwa ilijaa chumba.

Mdomo wangu ulisema wenyewe. "Shikamoo."

Alinitazama kwanza, toka miguuni hadi kichwani, kwa dharau ile ile niliyowatazama nayo watu maisha yangu yote.

"Marahaba," alisema.

Kisha akaniuliza, taratibu, "Siku ile ulicheka nini?"