Nani Alitoa Siri ya Msusi?

Ndugu zangu mnaokusanyika kuwaombea wagonjwa, na ninyi mnaougua huku mkiwatazama jirani zenu kwa jicho la pembeni, nisikilizeni. Haya niliyaona mwenyewe, maana naishi ukuta kwa ukuta na nyumba yenyewe.

Ilikuwa nyumba yenye raha. Chumba cha mbele kilikuwa saluni ya msusi, na harufu ya mafuta ya nywele ilifika hadi mlangoni kwangu. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu. Aliyekaa naye ni wifi yake, dada wa huyo mume, mfuaji nguo katika nyumba ya wageni iliyo barabara ya nyuma. Wawili hao walitaniana kutwa.

"Wifi, chai hii umeitia sukari au umeionyesha tu?"

"Nimeionyesha. Wewe si mtamu tayari?"

Kisha kikaja kikohozi, nacho kikagoma kuondoka. Msusi akakonda, jasho likawa linamlowesha shuka, mpaka wifi akamshika mkono wakaenda hospitali. Kifua kikuu. Daktari aliwaeleza vizuri: aache kazi kwa muda, ameze dawa bila kuruka, na akishathibitishwa kwamba hawezi kuambukiza, arudi kwa wateja wake bila hofu. Wifi naye akapimwa, akakutwa mzima.

"Watu wasijue," msusi alimwambia wakiwa njiani. "Nitasema mgongo unanisumbua."

"Kwangu haitoki," wifi akajibu.

Lakini hofu haimwachi mtu apumzike. Mchana wifi akiwa kazini, msusi alibaki peke yake akisikiliza pumzi zake. Ndipo alipompigia simu kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani kwetu, tuliyemwita Mama Maombi. Akamfungulia moyo wote: ugonjwa, pafu la kushoto lililoharibika, na jambo ambalo hata wifi hakuambiwa, kwamba mume alipopata habari alisema, "Nitakupigia," na hakupiga tena. Mama Maombi akalia naye kwenye simu. Msusi akalala vizuri siku hiyo.

Dawa zikafanya kazi. Alipopewa ruhusa akafagia saluni, akafuta kioo, akakaa kusubiri. Hakuja mtu. Mke wa fundi bomba, ambaye hakuwahi kusukwa kwingine, alimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, kitambaa puani. Jirani mmoja alimletea uji, na aliporudishiwa bakuli akarudi nyuma hatua mbili. "Kaa nalo tu, shoga," akasema.

Msusi hakuwa mjinga. Alijua wamejua. Swali likawa moja: nani amesema?

Hakumfikiria Mama Maombi hata kidogo. Nani humshuku mtu aliyekulilia? Mume alikuwa mbali safarini; akabaki wifi. Na shaka ikishaingia nyumbani, kila kitu huwa ushahidi.

"Ulikuwa unaongea na nani uani?"

"Na mwenzangu wa kazini."

"Mbona ulishusha sauti?"

"Kwa sababu ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

Ikafuata dawa. Vidonge vilibadilishwa hospitali, kama daktari alivyosema tangu mwanzo. Msusi akavigeuza kiganjani. "Hivi si vile."

"Ndivyo walivyonipa, wifi. Ni awamu ya pili."

"Walikupa wewe. Mimi sikuwepo."

Akaanza kuficha kikombe chake. Akaanza kuvizia nyuma ya mlango wifi anapopokea simu. Mwisho ugomvi ukalipuka, na mimi niliyasikia yote, maana ukuta wetu ni mwembamba.

"Wateja hawaji, watu wananikimbia. Aliyejua ni wewe peke yako. Toka kwangu!"

"Nimekushika ukitapika," wifi alisema taratibu. "Leo mbaya ni mimi?"

Akafunga mzigo wake, akahamia kwenye chumba cha wafanyakazi kule anakofua.

Sasa msusi alikuwa salama dhidi ya kila mtu, na hakuwa na mtu. Nilipobisha hodi aliniuliza dirishani, "Umetumwa na nani?" Vidonge vikabaki mezani; hakuviamini, na hakukuwa na wa kumhimiza. Kikohozi kikarudi. Msusi alisema baadaye kwamba hata Mungu alionekana kwake kama mteja mwingine aliyevuka barabara ili kumkwepa.

Siku ya maombi ya akina mama akajikokota hadi kanisani akitafuta faraja. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya Mama Maombi ikipanda:

"Ee Bwana, mkumbuke tena dada yetu msusi! Kifua kikuu, Baba! Pafu la kushoto limekwisha! Na mume amemkimbia, hapigi hata simu!"

"Mkumbuke, Bwana," wakaitikia.

Msusi akashika fremu ya mlango. Habari ya mume, wifi hakuwahi kuijua. Hakuwahi.

Mtu mmoja akafumbua macho akamwona. Maombi yakafa katikati ya sentensi. Mama Maombi akaja mikono wazi.

"Mpenzi, hatujaacha kukuombea!"

"Nilikuambia wewe," msusi akasema. "Sikuliambia kanisa."

"Lakini hatukukusengenya. Tulikuwa tunaomba!"

"Na baada ya amina mlienda wapi? Mlienda majumbani kwenu, na mke wa fundi bomba akaanza kuziba pua."

Akageuka, akaenda moja kwa moja nyumba ya wageni. Alimkuta wifi akikamua mashuka.

"Nimekukosea," akasema. "Si wewe uliyesema. Nimekutupa bure."

Wifi hakuacha kukamua. "Na kesho kijiko kikipotea, nitakuwa nimekiiba mimi?"

Msusi akataka kujibu, kikohozi kikamkata, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Hapo wifi akadondosha shuka. Akapiga magoti pale pale kwenye povu, akamshika mabega, akasali, na sala yenyewe ilikuwa fupi:

"Bwana Yesu, dada yangu anaogopa. Mimi nina hasira naye, na bado nampenda. Tuponye sote wawili. Amina." Kisha akasema, "Haya, inuka. Hospitali hawajafunga."

Daktari hakumbembeleza. Alimweleza alivyojihatarisha kwa kukatiza dawa, akamrudisha mwanzo wa dawa. Safari hii alizimaliza, wifi akisimama mbele yake kila asubuhi na glasi ya maji. Amepona. Wateja wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Mume hajapiga simu. Mchungaji alimwagiza Mama Maombi akaombe radhi, naye akaenda, ila ukimuuliza hata leo atakuambia kwamba hakumsema mtu yeyote vibaya.

FUNZO

Siri ya mgonjwa uliyopewa ili uiombee ni ya masikio ya Mungu. Hahitaji umtajie pafu lipi, anajua. Ukitaka wengine wakusaidie kuomba, mwombe mwenyewe ruhusa kwanza. Akikataa, omba peke yako. Umbea haugeuki sala kwa sababu umefumba macho.

Nawe unayeugua, unayesikiliza pumzi zako mchana kutwa: hofu ikikunong'oneza jina la mtu, muulize mtu huyo kabla hujamhukumu. Usimfukuze anayekuletea maji. Meza dawa zako, na uzungumze na Mungu kwa maneno yoyote uliyonayo, hata kama ni "naogopa" peke yake. Hajavuka barabara. Na mara nyingi anayemtuma kwako atakuja na mikono iliyolowa sabuni, akiwa bado amekukasirikia.