Jini Lililouliza Rangi ya Damu

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa mkekani. Wewe mwenye redio, izime. Anayetafuna njugu ameze kwanza. Haya si maneno ya kusikilizwa kwa sikio moja, na nikishaanza sirudi nyuma.

Siku hiyo nzi hawakutua. Abshiro aliliona hilo, akalidharau. Kazi yake pale Balambala, kando ya Mto Tana, ilikuwa kuumika watu: anachanja mgongo kwa wembe, anabandika pembe ya ng'ombe, anavuta kwa mdomo, damu mbaya inatoka, mtu anakwenda zake mwepesi. Damu ile huimwaga nyuma ya nyumba, kwenye majivu. Na kabla ya kuimwaga lazima ataje Bismillahi, ili wale wasioonekana waliolala majivuni wapishe. Hilo hata mtoto analijua.

Lakini siku hiyo kulikuwa na ubishi. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, ukame umekausha hata mate. Rukiyo, wifi yake, alikuwa mlangoni akichagua mchele.

"Abaayo, dada yangu, damu ikiwa ndani ni kijani," Rukiyo akasema. "Tazama mishipa yangu hii. Ikitoka ikapigwa na upepo ndiyo inakuwa nyekundu."

"Toka hapa! Miaka yote natoa watu damu, leo uje unifundishe?"

"Umeiona nje. Ndani uliingia lini?"

Alio, mchunga ngamia, aliyelala kifudifudi na pembe mbili mgongoni, alicheka mpaka pembe zikatikisika. "Yangu mimi ni chai ya maziwa. Nionjeni!"

Ilhan, binti pekee wa Abshiro, naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma mama. Alinyakua bakuli la damu aliyokwisha kumtoa Alio, akatoka, akaimwaga damu yote majivuni huku akipiga kelele, "Asiyeamini na aingie mishipani ajionee!"

Bismillahi hakuitaja.

Majivu yakainywa ile damu kwa sauti, kama mzee anayevuta chai ya moto. Nzi, ambao siku zote hugombania pale, wakakaa mbali.

Kesho yake adhuhuri, ile saa kivuli kinapojificha chini ya nyayo na hata mbuzi wanakaa kimya, Abshiro alisikia harufu ya misumari iliyolowa. Akamkuta Ilhan amekaa sakafuni, mkono ameunyoosha, anaukodolea macho. Midomo ya binti ilikuwa imefungwa. Sauti ilitokea kwenye kiwiko, nzito, kavu.

"Nimeingia. Mbona sioni kitu?"

"Ilhan?" Abshiro alinong'ona.

"Humu ni giza, mama wa huyu. Ulisema ingia ujionee. Niko ndani, sioni rangi yoyote."

Wakamwita Sheikh Noordin. Akasoma, akapulizia maji, akamnyunyizia binti. Jini likasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Unasoma vizuri, sheikh. Lakini mimi sikuvunja mlango. Nimekaribishwa."

Noordin akamvuta Abshiro pembeni. "Umelialika mwenyewe. Lipe linachotaka, kabla halijaanza kukitafuta lenyewe."

"Litakitafutaje?"

Sheikh akatazama kucha za Ilhan, zilizokuwa zinakwaruza paja taratibu, mahali pamoja, pale pale.

Basi kila adhuhuri chini ya ngozi ya Ilhan kulipita vitu kama vidole vya kipofu anayepapasa ukuta, vikapanda begani, vikashuka tumboni, na binti akalia bila sauti kwa sababu sauti yake ilikuwa imechukuliwa, na mama akamfunga mikono kwa shuka asijichane, akakaa naye, akimfuta jasho lililonuka chuma, akijua kwamba shuka litachoka, na yeye mwenyewe atachoka, lakini kilichomo humo hakichoki.

Ndipo akakumbuka tochi. Alitundika blanketi dirishani, chumba kikawa giza, akaibana tochi kwenye kiganja cha mwanawe, akaiwasha. Kiganja kizima kikawaka chekundu.

"Ona!" Abshiro akasema. "Iko ndani, na ni nyekundu. Sasa toka."

Jini likacheka kwa raha, kama mtoto aliyepewa sukari.

"Nzuri wallahi! Sasa nionyeshe ya moyoni."

"Tochi haifiki moyoni."

"Wembe unafika."

Abshiro akasema, na Rukiyo aliyekuwa nyuma ya mlango alimsikia. "Mwache huyu. Hamia kwangu. Siku nikifa moyo wangu utakuwa wako, utautazama utakavyo."

"Moyo wa maiti? Nikiukuta mweusi je? Nitahamia kwa wa kwanza atakayekushika ukishakufa."

"Hamia."

Ilhan akapiga chafya, akaomba maji. Mama yake ndiye aliyeanza kunuka misumari.

Alilibeba mwaka mzima na zaidi. Halafu ikaja ile mvua kubwa, Tana ikavunja kingo, wakakimbilia kilimani chini ya turubai, na hapo homa ikamshika. Akawaita wote. "Nikikata roho asiniguse mtu. Hata kuniosha. Nisukumeni kaburini kwa miti. Ilhan, umesikia? Wewe hasa."

"Nimesikia, hooyo."

Akafa mchana, jua la utosini juu ya maji. Kifua kikatulia. Ilhan akakaa mbali, mikono ameikalia, analia. Rukiyo na Hamze, mdogo wake marehemu, wakaenda kukata miti.

Ndipo maiti ikaita. Midomo haikusogea, lakini sauti ilikuwa ya Abshiro yule yule wa zamani, aliyekuwa akimbembeleza alale. "Ilhan, mwanangu. Bado sijafa. Naogopa. Nishike mkono."

Mtoto gani angekataa? Akamshika.

Wenye miti waliporudi wakamkuta bado ameushika ule mkono; miti wakaitupa, wakamzika Abshiro kwa heshima zote, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuogopa ndani yake. Mbuzi walionusurika aliwarithi Hamze. Pembe na wembe alirithi Rukiyo, na mpaka leo anaumika watu. Ilhan alipoulizwa anataka nini, alisema hana haja ya kitu. Alikuwa ameshapata chake, kiganjani, na kilikuwa tayari kimepita kiwiko kikielekea kifuani.