Mwaka Mbele ya Jina la Orrin

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Marlys Tveit mwenyewe, rafiki wa mama, jikoni kwetu mjini Duluth, Marekani, Pasaka ya 2012.

Desemba iliyotangulia alikuwa kazini katika maktaba ya mahakama, akiorodhesha faili za hifadhidata ya sheria zilizoletwa kwa mtandao. Katika faili hizo kila mwandishi wa kitabu huwekewa mwaka wa kuzaliwa. Wa kufa huachwa wazi mpaka afe. Mbele ya jina la Orrin, mwenzake wa meza ya pili aliyeandika naye kitabu cha mwongozo wa mirathi, palisomeka 1949–2011.

"Orrin, wamekuua!"

"Basi nifufue kabla ya chakula, maana nina njaa," akacheka.

Marlys akaufuta ule mwaka. Ukarudi. Aliufuta mara tisa, kisha akawapigia simu waliotuma faili. Wakamwambia kwao pako wazi.

Alasiri theluji ikakata umeme. Chumba kikawa giza, mashine zote kimya. Ndipo wote wawili wakasikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa polepole, mara nne.

"Si mimi," Orrin akanong'ona. "Marlys, futa."

"Nifute nini? Kioo kimezimika."

Orrin alizikwa tarehe thelathini mwezi huohuo. Marlys yu hai, ila faili mpya huja kila mwezi, naye hugeuza uso kabla ya kulifikia jina lake mwenyewe.