Utepe wa Pinki Kwenye Nyanya

"Rudisha vigingi vya watu, Lonnie!"

"Vya watu? Kiwanja cha nani hiki?"

"Na utepe je? Umefungia nyanya! Kaunti inapima ardhi, wewe unapamba nyanya!"

Ndivyo Estelle Crews alivyofoka kutoka upande wa pili wa uzio. Sisi wengine tulikuwa uani kwa Lonnie Tillis, sahani mkononi. Hapa kwetu Florida, kambare akikaangwa Jumamosi, mtaa mzima hufika. Estelle tu ndiye hakuingia. Yeye na Lonnie walikuwa hawaivi tangu kaunti ilipotoa kanuni mpya.

Kanuni ilisema hivi: ili bwawa lisichafuke, mtu asijenge ndani ya hatua sitini kutoka majini. Ofisa akaja akapigilia vigingi vyenye utepe wa pinki. Estelle alifurahi, maana korongo wanaotaga bwawani anawapenda kama wajukuu zake. Lakini kiwanja cha Lonnie ni kidogo. Mstari ulikimeza karibu chote.

Na Lonnie alitaka kumjengea mama yake nyumba pale. Bi Ouida ana miaka themanini na mmoja. Wakati huo aliishi peke yake kwenye nyumba ya ngazi, na mwaka huo alikuwa ameshaanguka mara mbili.

"Mama yangu avunjike kiuno kwa ajili ya ndege?" Lonnie alisema. "Ipo sheria ya jimbo inayolinda mali ya mtu. Kaunti haina lake hapa! Jumatatu naleta trekta nichimbe msingi."

Bi Clarice aliweka sahani chini. Alifanya kazi ofisi ya ardhi miaka thelathini.

"Lonnie mwanangu, sheria hiyo ipo. Lakini haisemi ung'oe vigingi."

"Inasemaje basi?"

"Haifuti kanuni ya bwawa. Inasema kanuni ikikubebesha wewe peke yako mzigo mkubwa kupita kiasi, una haki ya kudai. Bwawa ni faida ya wote, kwa nini hasara iwe yako tu? Unaandika madai. Unaambatanisha ripoti ya mthamini: kiwanja kilikuwa na thamani gani kabla ya kanuni, na sasa kina thamani gani. Kaunti lazima ikujibu kwa maandishi. Inaweza kukulipa, au kukulegezea masharti. Ila usichelewe. Una mwaka mmoja tu."

"Mwaka ni mwingi!" Lonnie alichangamka.

"Mthamini ataonaje mstari ulipopita?" aliuliza Verna, mkewe. "Vigingi umeving'oa, fundi wa nyanya!"

Tulicheka mpaka mtu akapaliwa. Lonnie hakucheka. Alikuna kichwa, akatazama nyanya zake.

Estelle alikohoa kule uzioni.

"Mimi hupiga picha korongo kila asubuhi," alisema polepole. "Vigingi vyote vinaonekana. Hata kile cha karibu na banda."

"Na utanipa?"

"Nitampa mama yako. Wewe una mdomo mchafu."

Jumatatu trekta haikuja. Lonnie alishinda akirudisha vigingi kimoja kimoja, Estelle akimwongoza na picha zake. "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!" Mthamini alikuja, akapima, akaandika. Bi Clarice aliwasaidia kujaza madai.

Miezi mitatu haikuisha, jibu likafika. Lonnie aliruhusiwa kujenga upande wa juu, karibu na barabara, hatua arobaini kutoka majini. Masharti yalikuwa mawili: maji ya choo yasielekee bwawani, na miti ya ukingoni isikatwe. Alikubali yote.

Sasa nyumba imesimama. Haina hata ngazi moja. Bi Ouida hukaa dirishani, akigombana na korongo kama vile ni wapangaji wake.

Jumamosi iliyopita sote tulikuwa uani tena. Estelle alikuja na kamera yake, akasimama palepale uzioni kama kawaida. Lonnie alifungua geti, akatazama viatu vyake.

Bi Ouida hakumngoja mwanawe apate maneno.

"Wewe mama wa picha!" aliita kutoka dirishani. "Unapiga picha chakula au unakula? Ingia, mwanangu. Kiti cha karibu yangu ni chako, na kambare wanapoa."