Machozi Baada ya Matanga

Kila asubuhi Nyota alifagia uwanja, akachota maji, akachemsha chai ya baba yake, papa Alfani. Walipomaliza kunywa aliosha vikombe viwili. Kikombe cha mama, cha bati lenye ua jekundu, kilikaa juu ya kabati, na hakuna aliyekigusa.

Mama yake alikufa kwa homa wakati wa mvua kubwa. Majirani walijaa nyumbani, wakalala kwenye mikeka, wakapika, wakaomba dua. Siku ya kufunga matanga, shangazi Asha alikunja mkeka wa mwisho, akamfuta Nyota uso kwa pindo la kitenge chake, akasema kwa upole, "Basi, mama. Matanga yamekwisha. Anayelia sasa anaita kifo kingine nyumbani."

Nyumbani alikuwa amebaki papa tu. Nyota akamtazama, akameza machozi. Usiku ule nyumba ilikuwa kimya hata ngurumo ya maporomoko ya Wagenia, kule mtoni, ikasikika kitandani.

Tangu hapo tumbo likaanza kumuuma. Lilimzidia asubuhi, wanafunzi walipojipanga kuimba mbele ya bendera. Siku moja alichuchumaa katikati ya wimbo.

"Tumbo la hesabu hilo!" Nassoro akacheka. "Likisikia kengele ya kurudi nyumbani, linapona!"

"Funga mdomo wako, wewe!" alisema Binti, jirani yake wa dawati, akambebea Nyota mfuko wake. Lakini hata Binti hakuambiwa kitu. Nyota alijua kwamba akianza kusema, atalia.

Papa Alfani, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia mizigo kwenye meli za mtoni ziendazo Basoko, alimpeleka zahanati. Wakapewa dawa ya minyoo. Tumbo halikupona. Waliporudi walimkuta muuguzi mpya, Mama Pélagie. Serikali ilikuwa imewataka watu waache majina ya Kizungu, kwa hiyo kwenye karatasi alikuwa na jina la babu yake, lakini akina mama wa mtaa waliendelea kumwita Pélagie.

Mama Pélagie alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kuligusa tumbo la Nyota. Akapima homa, akatazama ulimi na macho. Kisha akauliza, "Unalala vizuri? Chakula unakiona kitamu? Na moyo, uko namna gani?"

Papa Alfani akainuka. "Mama, tumekuja kwa tumbo. Mwanangu si mwendawazimu."

"Sijasema hivyo, papa. Kila anayeingia hapa namuuliza, hata yule mzee wa kikohozi uliyempisha mlangoni. Tumbo na moyo vinakaa nyumba moja. Tafadhali, tungojee kidogo barazani."

Alivuta kigoda, akaketi chini kuliko Nyota, wala hakumharakisha. Nje, watoto wachanga walikuwa wakilia kwa kuchomwa sindano. Nyota akawasikiliza.

"Wao wanaruhusiwa," alisema polepole.

"Kufanya nini?"

"Kulia. Mimi nikilia, papa atakufa."

Mama Pélagie hakucheka. Alisikiliza habari yote ya matanga mpaka mwisho. "Ungependa kumwambia papa mwenyewe? Nitakaa hapa hapa, karibu nawe."

Nyota akaitikia kwa kichwa.

Papa Alfani alipoitwa ndani na kusikia, alikaa sakafuni mbele ya Nyota. "Nyota wangu! Mimi nalia kila siku. Nikibeba magunia bandarini, jasho linaficha machozi. Nimelia tangu mikeka ilipokunjwa, na bado niko hapa. Shika mkono wangu."

Nyota akaushika. Ulikuwa mgumu kwa sugu, na wenye joto.

"Kwa nini hukuniambia, papa?"

"Nilikuona hulii. Nikadhani umeanza kusahau, nikaogopa kukuamshia uchungu."

Ndipo Nyota akalia kwa sauti, kama wale watoto wa sindano, na papa yake akalia pamoja naye.

"Tumbo halitapona leo," Mama Pélagie alisema baadaye. "Likija na homa au kutapika, njooni siku yoyote. Na kila Alhamisi, tunapopima watoto, Nyota aje anisaidie kukunja vitambaa, tuzungumze. Na wewe pia, papa."

Jioni shangazi Asha alikuja nyumbani, akaelezwa yote. "Mama yangu aliniambia maneno hayo hayo nilipofiwa na dada yangu," alisema. "Nikameza. Nimemeza hadi leo."

Nyota alisimama, akateremsha kile kikombe chenye ua jekundu, akakisuuza vumbi, akamtilia shangazi chai.

Shangazi Asha alikishika kwa mikono miwili. "Wanangu," alisema, "homa tunaikimbiza kwa muuguzi. Na huzuni nayo tusiifiche mpaka iwe ugonjwa. Tuiseme, ingali ndogo."

Kisha akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.